Siku Mzee Kamba Alipoingia Tianxiu

Kwa taadhima kubwa, na kwa niaba ya waheshimiwa wote waliokalia marobota, unatangaziwa umma wa wafanyabiashara wa Xiaobei, barabara ya Dengfeng na viunga vyake, pamoja na jamaa zao walioko Kariakoo, Bukoba na Darajani, kwamba Mheshimiwa Mzee Kamba, mmiliki wa punda mmoja kilema, amewasili. Alizaliwa akiwa na umri wa miaka sabini, ndani ya stoo ya kargo, ghorofani kwenye jengo la Tianxiu, mjini Guangzhou, alasiri ya Jumapili moja ya kiangazi cha mwaka 2009. Baba hajulikani. Mama mzazi ni Flavia Kokubanza, mkalimani wa soko, ambaye siku hiyo hakuwa na viza.

Tuanze na mama. Flavia alikuwa Mhaya wa watu, mrefu, mwenye sauti safi ya kusomea masomo kanisani, sauti ambayo hata ikikutukana unaitikia amina. Alikwenda China kununua nguo za watoto, lakini kabla nguo hazijamtajirisha akagundua kuwa ulimi wake unatoka haraka kuliko magauni. Kichina alikiokota kwa jirani yake muuza zipu, mama mmoja mwenye domo la chiriku, na baada ya muda akawa ndiye anayetafutwa na kila Mswahili aliyeshuka uwanja wa ndege wa Baiyun na begi tupu.

Mkalimani mbovu hutafsiri maneno. Flavia alitafsiri biashara. Mwenye duka akisema, "Mwondoe huyu hapa, tangu asubuhi anapapasa tu," Flavia humgeukia mteja na kumwambia, "Laoban anasema una jicho zuri, ila uongeze idadi kidogo." Mteja naye akijibu, "Mwambie suruali zenyewe kama magunia ya mkaa," Mchina husikia kwamba mgeni amesifu uimara wa kitambaa. Wote wawili hutabasamu, robota hufungwa, na hakuna anayejua kuwa ametukanwa. Kazi hiyo aliifanya akiwa amesimama upande, hamtazami huyu wala yule, na kila sentensi aliianza na "anasema". Akiwa kazini hakuwa mtu. Alikuwa bomba, maji yanapita.

Asiyelikubali bomba hilo alikuwa Robert, muuza redio na simu kutoka Mwanza, mwembamba kama ufito, mbishi kama kifuniko kisicho cha chungu chake. Yeye alijua maneno matatu ya Kichina: laoban, yaani bosi, tai gui, yaani ghali mno, na bu yao, yaani sitaki. Kwa maneno hayo matatu alidai amejaza makontena.

"Dada Flavia," humwambia mbele za watu, "mkalimani ni kama soksi. Mwenye kiatu kizuri havai."

"Ndiyo maana ukiingia dukani watu wanafungua madirisha," hujibu Flavia kwa sauti ile ile ya Waraka kwa Wakorintho.

Kiangazi hicho utani ulipungua. Polisi walianza kukagua pasipoti kwenye daraja la waenda kwa miguu, kwenye mdomo wa metro, ndani ya lifti, hata kwenye migahawa mtu akiwa ameshika mfupa. Watu wazima waliokuwa wakitamba Dengfeng kana kwamba wana hisa kwenye lami sasa walichungulia kila kona kama panya wa ghalani. Mwenye karatasi nzima alitembea. Mwenye karatasi iliyokufa alijifungia ndani. Akikamatwa ni mahabusu kwanza, kisha ndege, kisha jina lake linalala kwenye kompyuta ya uwanja wa ndege na halikubali kuamka tena.

Viza ya Flavia ilikuwa imekufa. Ya Robert nayo pia. Walikuwa wakisubiri barua za mwaliko zilizokuwa zikija kila siku na kamwe hazifiki. "Mimi na wewe tungewafanyia arobaini marehemu wetu siku moja," alisema Robert, "tukaokoa ubani." Flavia alicheka, lakini usiku hakulala. Robert angeweza kuuza redio popote. Yeye je? Huko Bukoba nani anahitaji mkalimani wa Kichina, migomba?

Pa kujifungia palikuwa stoo ya Gharib. Gharib alikuwa Mzanzibari, wakala wa kargo, mtaratibu, mwenye mizani kubwa ya kupimia mizigo karibu na mlango, marobota hadi darini, na televisheni aliyoachiwa na mteja aliyeshindwa kuisafirisha. Saa za misako zikifika, watu walipanda kwake wakakaa juu ya mizigo yao wakisubiri mtaa upoe. Kusubiri kukachosha. Ndipo mtu mmoja akaleta tamthilia ya makauboi kwenye diski za kuokota chini ya daraja. Wazungu wenye kofia pana na farasi, vumbi tele, na wote, kuanzia muuza baa hadi farasi, wanazungumza Kichina.

Mswahili haangalii picha bubu. Aliyekulia kwenye mabanda ya video anajua sheria: lazima awepo mtafsiri, akae karibu na kioo, awape watu majina yanayoeleweka. Kuna Stelingi, ambaye hafi. Kuna Adui, ambaye atakufa lakini atachelewa. Waliobaki hupewa majina kadiri ya sura na tabia zao. Kazi hiyo ikamwangukia Flavia kwa hoja isiyojibika: "Wewe si mkalimani?" Basi mwenye nyota kifuani, aliyekuwa akiulizauliza kila mgeni pale mjini, Flavia akamwita Mkuu wa Wilaya. Mwanamke wa baa akawa Shemeji. Flavia hakuipenda ile picha hata kidogo. Aliitafsiri kama anavyotafsiri suruali, akilainisha hapa, akiongeza chumvi pale, kwa sauti ya chini ili isivuke mlango.

Jumapili hiyo stoo ilijaa hadi watu wakabadilishana pumzi. Kipindi kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza. Stelingi alikuwa akimwangalia farasi wake mgonjwa, na Flavia alikuwa akimwangalia Bi Mwanahija, mama mtu mzima wa Zanzibar mwenye biashara ya mapazia, ambaye alikuwa anataka kujua kwa nini farasi hapewi mwarobaini.

Lifti ikalia nje. Viatu vikashuka. Haikuwa miguu ya mteja. Mteja huburuta kitu.

Gharib akainua kiganja. Flavia akapunguza sauti ya televisheni kwa rimoti, akateleza kutoka kwenye katoni lake na kujikunja nyuma ya robota la jinzi, magoti yamegusa kidevu. Hapakuwa na mlango mwingine. Dirisha lilikuwapo, lakini lilitazama chini mbali sana, na Flavia alijikuta analitazama muda mrefu kuliko inavyofaa. Akageuza uso.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa. Waliingia polisi wawili. Wa kwanza mzee mzee, tumbo limetangulia, kofia kwapani, anahema. Wa pili kijana, miwani, shati limepigwa pasi hadi linakata. Watu wa stoo ile walikuwa wameshazoea kubatiza kila sura, na hata roho zikiwa juu hawakuacha: kabla mlango haujafungwa, wa kwanza alishakuwa Kitambi na wa pili Miwani.

Kitambi akatazama ule msitu wa watu. Akasema jambo kwa Kichina, kwa upole tu. Aliuliza: "Nani hapa anajua Kichina?"

Hakuna aliyeelewa hata neno. Lakini wote walisikia kuwa ni swali, tena swali la Mchina, na kwa miaka kadhaa Mchina akiuliza swali wao hufanya kitu kimoja tu. Vichwa vyote, kwa mpigo mmoja kama vya kuku waliosikia mtama, viligeukia nyuma ya robota la jinzi.

Flavia akasimama. Akajipangusa nyuzi kwenye sketi.

"Vizuri," alisema Kitambi. "Tusaidie. Pasipoti, mmoja mmoja."

Akasimama pale anaposimama siku zote, katikati, ubavu kwa huyu na ubavu kwa yule. "Anasema pasipoti, mmoja mmoja," akasema, na kazi ikaanza.

Miwani alikuwa anasoma kila ukurasa kama mtu anayetafuta mfupa ndani ya samaki. Alimfikia Bi Mwanahija, akamtazama usoni, akatazama picha, akamtazama tena.

"Mwambie huyo mwanangu asinitumbulie macho," alisema Bi Mwanahija. "Mwambie pasi yangu safi kuliko shati lake, na mama yake ana umri kama wangu, je, humtazama hivyo?"

"Anasema karibuni," Flavia alimwambia Miwani. "Leo joto kali."

Miwani hakufunga pasipoti. "Yeye amesema maneno mengi. Wewe umesema machache."

"Lugha yetu ni ndefu," alisema Flavia.

Miwani alimwangalia kidogo, kisha akaendelea. Kila aliyekaguliwa alihamia upande wa dirisha, na upande wa pili ulizidi kupungua. Flavia aliona jinsi stoo inavyomgawanyikia. Wakiisha wote, atakuwa amebaki peke yake katikati, bomba lisilo na maji, na hata kipofu ataona kuwa kuna mtu mmoja hajaonyesha kitu.

Ikafika zamu ya Robert. Miwani akafunua, akafunua, akarudi mwanzo. Akampelekea Kitambi, akamwonyesha kwa ukucha.

"Imeisha," alisema Kitambi. "Mwambie."

Flavia alitafuta neno la kulainisha. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo hakulipata. "Anasema imeisha, Robert."

"Mwambie najua."

"Anasema anajua."

"Mwambie akae mlangoni. Atakwenda nasi."

"Anasema ukae mlangoni. Utakwenda nao."

Robert akachukua kofia yake, akaenda mlangoni. Kwa kuwa hapakuwa na kiti, akaketi juu ya mizani ya Gharib, na mshale ukaonyesha mbele ya kadamnasi jinsi mtu mbishi anavyokuwa mwepesi. Akamwinulia Flavia macho. Wote wawili walijua ni marehemu gani waliokuwa wakisubiri arobaini, na kwamba mmoja ameketi mizanini na mwingine amesimama akitoa hukumu kwa sauti nzuri. Neno moja tu la Robert, au hata kidole, lingetosha kumfichua Flavia.

Wakati huo televisheni ilikuwa bado inawaka kwa mnong'ono. Kitambi, akisubiri kijana wake amalizie, alikuwa ameanza kuikodolea macho. Ghafla akanyoosha mkono.

"Ngoja, ngoja. Ongeza sauti. Anaingia yule mzee."

Miwani akasema kuna watu hawajakaguliwa. Kitambi akamwambia watu hawana mabawa. "Mke wangu anampenda sana huyu mzee," alieleza, akamgeukia Flavia. "Watafsirie wenzako. Vizuri, usiruke neno."

Rimoti ilikuwa mkononi mwa Flavia bado, imelowa jasho. Akaongeza sauti.

Kwenye kioo, barabara ya mji ule ilikuwa tupu, madirisha yanafungwa moja baada ya jingine. Mbali kukatokea kofia iliyopondeka, chini yake ndevu, chini ya ndevu mzee mmoja mfupi anatembea taratibu, nyuma yake punda anachechemea. Hana bunduki. Ana kamba. Mkuu wa Wilaya akatoka barazani, mkono kwenye bastola.

"Anasema," Flavia alianza, "wewe mgeni, simama hapo hapo. Wewe ni nani? Unatoka wapi? Na nani amekuruhusu kuingia kwenye mji wangu?"

Hayo maswali stoo nzima iliyajua. Wengine walishaulizwa hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, kwenye mdomo wa metro.

Mzee hakuwa na haraka. Akaivuta kamba, akaiachia, akamtazama punda, akamtazama Mkuu wa Wilaya. Akasema maneno yake kwa Kichina chake cha kubandikwa. Flavia akafungua mdomo atafsiri, na ile sauti ya kanisani haikuja. Ilikuja nyingine, nzito, yenye mchanga, inayokwaruza kama lango ambalo halijawahi kutiwa mafuta:

"Mkuu, msafiri ni punda. Mimi nimeshika kamba tu. Muulize yeye."

Mkuu wa Wilaya akamtazama punda. Punda akamtazama Mkuu wa Wilaya. Na stoo ikapasuka kwa kicheko. Bi Mwanahija alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanaruka. Waliokuwa dirishani waliegemeana. Robert alicheka hadi mshale wa mizani ukacheza ngoma. Kitambi naye alicheka, akitazama watu kwa furaha ya mtu aliyeleta mgeni na mgeni akapokelewa. "Mzee Kamba," alinong'ona Gharib, ambaye kwa kawaida hakuwa akimpa mtu chochote bila kukipima, na jina likakaa hapo hapo.

Aliyekuwa hajacheka ni Miwani. Alikuwa amemaliza upande wote. Mkononi alishika pasipoti moja tu, ile ya Robert. Akamgeukia Flavia, akauliza bila kupandisha sauti:

"Na wewe? Pasipoti yako iko wapi?"

Hapa ndipo watu wa kazi nyingine wangezimia, au wangelia, au wangetoa hadithi. Flavia alifanya kile ambacho mwili wake ulikuwa umezoea kufanya kila siku ya soko. Aligeuza shingo kuelekea Waswahili, macho yametazama sakafu, na kwa ile ile sauti ya mchanga akasema:

"Anasema: na wewe, pasipoti yako iko wapi?"

Maneno yalipokwisha toka ndipo aliposikia alichokifanya. Hakuna aliyeelewa anaulizwa nani, kisha wote wakaelewa kwa pamoja, na nyuso zao zikawa kama za watu waliomwona mtoto katikati ya barabara.

"Mwambie anayo mkononi," ilisema sauti kutoka mizanini.

Robert alikuwa amekunja mikono, anatazama dari, kama mtu aliyechoshwa na kuulizwa jambo moja mara mbili.

"Anasema unayo mkononi," Flavia alimwambia Miwani.

Miwani akatazama mkono wake. Kweli, palikuwa na pasipoti. "Sikumuuliza yeye," alisema.

"Huyo ni mkalimani," alisema Kitambi, akivaa kofia, kwa namna ambayo mtu husema hicho ni kiti. Mjumbe hauawi, Waswahili husema. Kumbe pia haonekani. Pumzi ya kwanza ilikuwa inaanza kumrudia Flavia pale Kitambi alipoongeza: "Tena twende naye. Kituoni hatuna mtu wa lugha hii. Atatusaidia kuandikisha."

Kituoni, ambako kila anayeingia huandikwa jina na kuombwa karatasi. Midomo ya Flavia ikafanya kazi yenyewe. "Anasema mkalimani aende nao kituoni."

Robert akashuka mizanini. Akamsogelea Flavia, akamwangalia kuanzia utosini hadi viatuni, polepole, kama alivyokuwa akikagua redio yenye nyufa. Akashika ukingo wa mkono wa blauzi yake kwa vidole viwili, akauachia. Akamgeukia Kitambi.

"Laoban," alisema. Akatikisa kichwa. "Bu yao."

Kitambi akaduwaa. "Humtaki?"

"Tai gui," alisema Robert kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa miaka mingi. "Tai gui."

Sitaki. Ghali mno. Kicheko cha Kitambi kilianza tumboni, kikapanda kifuani, kikamfikia machoni akayafuta kwa mgongo wa mkono. Hata Miwani mdomo wake ulisogea kidogo upande mmoja. "Kumbe anajua Kichina," alisema Kitambi. "Basi mkalimani mwacheni. Tutaelewana na huyu."

Wakatoka. Mlangoni Robert aligeuka. "Si nimekwambia siku zote, dada," alisema. "Mimi sihitaji mkalimani." Lifti ikalia, ikafunga, ikashuka naye.

Kwenye kioo Mzee Kamba alikuwa bado anazungumza, anafurahisha mji mzima, wala hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Bi Mwanahija alimwambia Flavia aketi. Flavia hakuketi. Alibaki amesimama ubavu, katikati, hadi Gharib alipozima televisheni.

Robert alikaa ndani kwa majuma, kisha wakampandisha ndege akiwa na kandambili na mfuko wa plastiki. Barua ya mwaliko ya Flavia ilifika mwezi uliofuata, kama kawaida ya barua, pale ambapo mtu ameshaacha kuchungulia. Akapata viza, akarudi sokoni kulainisha matusi. Jioni watu walimdai Mzee Kamba. Alijaribu. Ilitoka sauti ya kanisani, na wakazomea: huyu siye, huyu padri. Lakini ile sentensi moja ilishamponyoka. Ilipanda ndege ndani ya vinywa vya watu. Kariakoo mgambo akimwuliza mtu leseni, mtu hujibu kwa kukwaruza kwamba yeye ameshika kamba tu, aulizwe punda.

Siku moja simu ya Flavia ililia katikati ya soko. Namba ya nyumbani.

"Dada soksi," ilisema.

Flavia akatoka nje ya duka, akamwacha mteja na laoban wakitazamana kwa lugha mbili. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Robert tangu ile lifti ishuke. Aliyaanza.

"Acha hayo," alisema Robert. "Sikiliza. Hapa nina banda la video, wallahi sikudanganyi, makauboi watupu. Natafsiri mwenyewe. Mzee Kamba akiingia tu, watu wanapanda juu ya mabenchi. Sasa kuna ubishi hapa, wamenishika shati. Mmoja anasema ile sauti ni ya babu yako, mganga wa Kihaya. Mwingine anasema ulishukiwa na roho. Nimewaambia nitampigia mwenyewe mama mzazi, aseme. Haya, nimeweka spika, wote wanakusikia. Ile sauti uliitoa wapi?"

Flavia aliwasikia kweli, huko ng'ambo, wakinyamazishana.

"Koo lilinikauka," alisema.